Njia ya Baiskeli Ina Wakubwa Wanne, Haina Mwenyewe

BARUA YA WAZI

Kwa:
Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani,
Mtendaji Mkuu wa TANROADS,
Mtendaji Mkuu wa TARURA,
Mtendaji Mkuu wa DART.

YAH: VYOMBO VYA MOTO KUEGESHWA KWENYE NJIA ZA BAISKELI DAR ES SALAAM

Waheshimiwa,

Naomba radhi kwa kuwaandikia barua moja nyote wanne. Najua kila ofisi hupenda kuandikiwa ya kwake, ikapigwa mhuri wa kupokelewa na kufunguliwa jalada. Nimewaweka pamoja kwa makusudi, kwa sababu jambo lenyewe limegawanywa kati yenu, na hapo ndipo linapokwama.

Tazameni njia ya baiskeli ya Barabara ya Morogoro. Imo ndani ya hifadhi ya barabara kuu, na barabara kuu ni za TANROADS. Ilijengwa pamoja na miundombinu ya mwendokasi, na mwendokasi uko chini ya DART. Inakutana kila hatua na mitaa inayohudumiwa na TARURA. Na anayevunja sheria juu yake hukamatwa na trafiki. Basi gari likiegeshwa katikati ya njia hiyo saa tatu asubuhi, kila mmoja wenu ana sababu nzuri ya kudhani kwamba mwenzake ndiye atakayeliondoa. Saa kumi jioni gari bado lipo, na nyuma yake yameongezeka mengine mawili na kijiwe cha bodaboda.

Hoja yangu ni hiyo, na yote yatakayofuata yanaizunguka. Sheria ipo, njia ipo, lakini njia ina wakubwa wanne na haina mwenyewe.

Njia hii haikudondoka kutoka mbinguni. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kubeba abiria Mei 2016, wengi wetu tulizungumzia mabasi. Lakini mradi ule wa kilomita 20.9, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, haukuwa wa mabasi peke yake. Ulikuja na njia za waenda kwa miguu na njia za baiskeli, kwa hesabu kwamba si kila mtu atapanda basi na si kila mzigo unaingia ndani ya basi. Dar es Salaam ilipopewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, ikiwa jiji la kwanza la Afrika kuipata, tulishangilia na wageni wakaja kujifunza kwetu. Wakirudi leo tutawapeleka kuona mabasi; kwenye njia ya baiskeli tutawapitisha haraka wasiulize maswali.

Nasikia mara kwa mara hoja kwamba jiji hili halina waendesha baiskeli, kwa hiyo njia zile zinakaa bure na gari likisimama pale halimdhuru mtu. Anayesema hivyo hajatoka nje alfajiri. Saa kumi na moja na nusu wanapita wauza mikate wenye makasha nyuma ya tandiko. Wanafuata wachuuzi wa samaki waliotoka Feri, maji ya barafu yakidondoka kwenye matenga. Wapo wauza mayai waliofunga trei kumi kwenda juu, ambao hawathubutu hata kugeuza shingo. Wapo walinzi wanaotoka lindo la usiku, na mafundi waashi wenye pima maji na mwiko ndani ya kiroba. Wapo watu wenye ulemavu wanaoendesha baiskeli za miguu mitatu kwa mikono. Na lipo guta, lori la mnyonge, linalosambaza soda, mchele, unga na magodoro kwenye maduka ambayo fuso haliwezi kuyafikia. Hawa hawaonekani kwenye mikutano ya wadau kwa sababu saa za mikutano ndizo saa zao za kazi. Na kama wanaonekana wachache kuliko zamani, tujiulize walikwenda wapi. Njia isiyopitika haiwezi kuwa na wapitaji.

Naomba tulifuate guta moja, lililobeba kreti za soda kutoka Manzese kwenda Magomeni. Kreti zimepangwa tatu kwenda juu na kufungwa kwa mpira uliokatwa kutoka tairi la ndani. Mwendeshaji hakai, amesimama juu ya pedali, kwa kuwa guta lenye mzigo likishasimama, kuliondoa tena kunamaliza nguvu za mwili mzima. Mbele yake kuna Noah iliyoziba njia, taa za hatari zinawaka, dereva ameingia dukani "dakika mbili". Kushoto ni njia ya waenda kwa miguu, na mama mmoja amepanga mafungu ya nyanya. Kulia ni ukingo wa zege, na baada ya ukingo ni barabara ya magari. Mwendeshaji anashuka. Anashika usukani kwa mkono mmoja, bega analiegemeza kwenye kreti, anasubiri nafasi kati ya daladala mbili, kisha analiteremsha guta ukingoni gurudumu moja baada ya jingine. Chupa zinagongana. Akishaingia barabarani, fuso lililo nyuma yake linapiga honi ndefu na utingo anachomoza kichwa: "Rudi kwenye njia yako, wewe!"

Njia yake imekaliwa na Noah.

Waheshimiwa, hapo kuna hatari ambayo dereva aliyeegesha haioni, kwa kuwa yeye yuko dukani. Mwendesha baiskeli anayepita barabarani muda wote huonekana kutoka mbali. Madereva humkasirikia, lakini humkwepa. Anayelazimika kuchomoka ghafla kutoka nyuma ya gari lililoegeshwa haonekani mpaka amefika mbele ya bampa. Njia ya baiskeli inayozibwa hapa, ikafunguka mbele kidogo, ikazibwa tena, inamfanya mtu aingie na kutoka barabarani mara nyingi katika safari moja. Kila anapoingia anabahatisha. Kwa namna hiyo njia iliyojengwa ili kumlinda inageuka kuwa mtego. Barabarani tumezoea kuishi kwa methali ya "mwenye nguvu mpishe". Njia ya baiskeli ilijengwa ili mahali pamoja tu, upana wa hatua chache, methali hiyo isifanye kazi.

Sitaki kuwasingizia madereva ubaya wasiokuwa nao. Nami nina leseni, naendesha gari, na najua adha ya kutafuta pa kuegesha Kariakoo au Magomeni. Barabara ilipopanuliwa kwa ajili ya mwendokasi, maduka mengi yalipoteza uwanja wa mbele ambako wateja waliegesha na kirikuu zilishusha mizigo. Biashara haikuhama, mabati, saruji, rangi na vyuma vinauzwa palepale, na mteja wa mifuko kumi ya saruji hawezi kuibeba kichwani hadi mtaa wa pili. Kwa upande wa bodaboda, abiria wa mwendokasi akishuka kituoni anataka kufika nyumbani Mburahati au Sinza, na kijana wa pikipiki anasimama pale abiria anapotokea. Mahali hapo, mara nyingi, ni juu ya njia ya baiskeli. Wote hawa wana shida ya kweli. Lakini shida zao zimehamishiwa kwa mtu mmoja asiye na injini, na hakuna aliyemuuliza kama anaweza kuzibeba.

Tulichonacho kama dawa ni faini. Dereva wa gari akiandikiwa kosa la barabarani hulipa shilingi 30,000. Kwa bodaboda na bajaji, bajeti ya mwaka 2021/22 ilishusha kiwango kutoka 30,000 hadi 10,000. Sina ugomvi na viwango hivyo, wala siombi vipandishwe. Ninachoomba mkione ni kwamba faini, ndogo au kubwa, haiondoi gari. Trafiki anaandika, mashine inatoa karatasi, mwenye gari anapata namba ya malipo kwenye simu, serikali inapata fedha yake, na guta bado linateremshwa ukingoni. Kwa mfanyabiashara anayeegesha mbele ya duka lake kutwa nzima, faini ya mara mojamoja ni kama kodi ya pango, na pengine ni nafuu kuliko maegesho halali.

Wenzetu nao wamehangaika na jambo hili. Mwaka 2011 meya wa jiji la Vilnius, nchini Lithuania, Artūras Zuokas, alipanda gari la deraya na kuliponda gari aina ya Mercedes lililokuwa kwenye njia ya baiskeli, kamera zikirekodi. Lilikuwa igizo lililopangwa, likampatia tuzo ya mzaha ya Ig Nobel ya Amani mwaka huohuo, na dunia ikacheka. Ujerumani ilichagua njia isiyo na kelele: tangu Novemba 2021 kuegesha kwenye njia ya baiskeli faini yake inaanzia euro 55, na aliyemzuia mtu kupita anatozwa zaidi na kuandikwa alama kwenye rekodi yake ya udereva. Hapo kuna funzo. Sheria yao inatofautisha kusimama mahali pasiporuhusiwa na kumzibia mwingine njia. La pili ni kosa zito zaidi kwa sababu lina mtu aliyeumizwa nalo.

Sisi hatuhitaji deraya. Ninachoomba ni mambo matano, na hakuna hata moja linalosubiri mkopo kutoka nje.

La kwanza ndilo mama wa yote: kaeni meza moja, mtoke na mwenye njia mmoja. Sijali awe nani kati yenu. Awe na jina la ofisi, namba ya simu inayopokelewa, na mamlaka ya kuagiza chombo kiondolewe bila kuandikiana barua na watatu wengine. Namba hiyo ibandikwe kwenye vituo vya mwendokasi na kwenye nguzo za taa. Mwananchi akituma picha ya gari, mahali na saa, ajue imefika kwa nani. Kila mwezi ofisi hiyo itangaze imepokea taarifa ngapi na imeondoa vyombo vingapi.

La pili ni nguzo fupi za zege kwenye midomo ya njia, pale inapokatwa na mitaa na maingilio ya maduka, kwa kuwa humo ndimo magari yanamoingilia. Vipimo vyake si fumbo. Kirikuu, ndicho kigari chembamba tunachokifahamu mjini, kina upana usiozidi mita 1.48, kwa sababu sheria ya Japani ya magari madogo hairuhusu zaidi ya hapo. Toyota IST inakaribia mita 1.7. Pengo la mita 1.4 kati ya nguzo na nguzo litapitisha baiskeli na guta, na litazuia kila kitu kinachoitwa gari. Kabla ya kumwaga zege, mwiteni mwendesha guta mmoja apite na mzigo wake, mpime naye hapohapo. Bajaji na pikipiki zitapenya, nalijua hilo, na ndiyo maana ombi la nne lipo.

La tatu: kinachoziba njia kiondolewe, kisiandikiwe karatasi tu. Hapa nawasihi muwe waangalifu, kwa sababu wakazi wengi wa jiji hili wana kumbukumbu chungu za kuvutiwa magari na watu wasioeleweka, kwa bei ya maelewano, hadi kwenye yadi isiyojulikana. Bei ya kuvuta iwe moja na ibandikwe hadharani. Yadi ijulikane. Malipo yafanyike kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi. Na mvutaji asilipwe kwa idadi ya magari aliyoyavuta, maana atawinda yaliyo rahisi kuyavuta na kuyaacha yanayoziba kwelikweli. Vilevile ada ya maegesho isikusanywe kwa chombo chochote kilicho juu ya njia ya baiskeli, hata shilingi moja. Mwenye gari akishalipia, ana haki ya kusema amepangishwa.

La nne: wapeni wenye shida mahali pao. Kwenye kila mtaa unaoingia Barabara ya Morogoro, tengeni sehemu ya kushushia mizigo, ichorwe chini kwa rangi, iwe na saa zake: alfajiri hadi saa mbili, na usiku baada ya maduka kufungwa. Karibu na kila kituo cha mwendokasi pimeni kijiwe cha bodaboda na bajaji, kiwe nje ya njia ya baiskeli lakini machoni pa abiria anayetoka kituoni. Mkikiweka mbali, kitabaki kitupu na vijana watarudi walipokuwa. Vijiwe vina viongozi na vina kanuni zake. Kijana anayekiuka zamu hushughulikiwa na wenzake kabla trafiki hajafika. Mkikubaliana na viongozi hao kwamba kijiwe ni chao kwa sharti kwamba njia inabaki wazi, mtakuwa na walinzi wa kila saa bila kulipa mshahara.

La tano litawagharimu zaidi kuliko zege: anzeni na magari ya umma. Siku ya kwanza ya utekelezaji, gari la kwanza kuondolewa kwenye njia liwe na namba za STK au SU, kama lipo. Sheria ni msumeno, tunaambiwa tangu shule ya msingi, na wananchi wanatazama unakata upande gani kwanza. Muuza mabati akiona gari la mkubwa limevutwa kwenda yadi, hatahitaji semina ya elimu ya usalama barabarani. Akiona limeachwa huku kirikuu chake kikivutwa, hata yeye aliye na kosa atakuwa na hoja.

Mkiona mambo matano ni mengi kwa jiji zima, chagueni kipande kimoja, tuseme kutoka Ubungo hadi Magomeni, mkifanyie kazi kwa miezi sita. Hesabuni baiskeli na maguta yanayopita kabla hamjaanza, mhesabu tena mkimaliza, mtuonyeshe namba. Kama hazikupanda, nitakuwa wa kwanza kukubali kwamba njia zile zitafutiwe kazi nyingine.

Nina sababu ya kuandika sasa badala ya kusubiri. Mtandao wa mwendokasi haukuishia awamu ya kwanza. Awamu ya pili imefuata Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, ya tatu Barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto, na ya nne Barabara ya Bagamoyo kuelekea Tegeta. Mbagala na Gongo la Mboto ni kwa watu ambao baiskeli kwao si mazoezi ya Jumamosi, ni ajira. Desturi ya njia mpya hujengeka katika miezi ya mwanzo. Gari la kwanza likiegeshwa bila kuguswa, la pili linakuja siku ileile, na baada ya mwaka mtu anayeliondoa ndiye anayeonekana mkorofi. Kwa Barabara ya Morogoro mnatakiwa kurekebisha mazoea yaliyokwishaota mizizi. Kule bado kazi ni nyepesi, na kila mwezi unaopita inazidi kuwa nzito.

Naomba pia nafasi ya maneno machache kwa madereva wenzangu watakaoisoma barua hii kabla yenu. Taa za hatari hazihalalishi kosa. Zinatangaza tu kwamba unalijua. "Dakika mbili" zako ni za kwako peke yako, lakini wanaoshuka ukingoni katika dakika hizo ni watu kadhaa, na mmoja wao huenda ndiye anayepeleka mkate dukani kwenu. Zungukeni mtaa wa nyuma. Mkikosa nafasi, tembeeni. Miguu yenu ina nguvu kuliko ya mtu anayesukuma kreti za soda tangu alfajiri.

Waheshimiwa, Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa huu, na tunazidi kuongezeka. Hakuna barabara itakayotutosha sote tukiamua kila mmoja awe na gari. Mnayo tayari njia ambayo lami yake imeshalipiwa, isiyohitaji mafuta wala nauli, na inayoweza kufunguliwa kwa zege kidogo, gari moja la kuvuta na saini nne. Naomba saini hizo. Na zaidi ya saini, naomba mtutajie hadharani ofisi moja ambayo kuanzia sasa, njia ya baiskeli ikizibwa, ndiyo tutakayoipigia na ndiyo tutakayoilaumu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Dar es Salaam, mwendesha baiskeli na dereva